Kinachokula Betri

Bukavu, Ibanda, tarehe 5 Machi 2024

Kwako Lucien, mdogo wangu uliyejificha kwenye misitu ya Shabunda,

Maman anatangulia kukusalimu, nami ninafuata nyuma yake. Anauliza kama unakula na kama lile sweta limekufika. Kidonda cha mguu wake kinapungua. Masista wa hospitali ya Katana wanasema sukari imeshuka, na tukimpeleka kila baada ya wiki mbili, siku ya Alhamisi, bila kukosa, mguu hautakatwa. Merveille wangu amepita mitihani, ila hesabu imemsumbua kama ilivyomsumbua mama yake. Mvua imeangusha ukuta kati yetu na Yolande, yule mwalimu wa fizikia, kwa hiyo siku hizi tunasalimiana bila kupiga hodi.

Salamu zimekwisha. Sasa nina hasira.

Hii gari uliyotuachia Mwaka Mpya ili imbebe Maman, ni gari au ni adhabu? Betri yake imekufa mara tatu. Tarehe 22 Februari Maman alikwisha kukaa kiti cha nyuma, kikapu magotini, kitambaa cha hospitali kichwani. Shemeji Mardochée akazungusha ufunguo, tukasikia tik. Akazungusha tena, tik. Mimi, katibu wa chuo kikuu, nikiwa na sketi ya kazi na viatu vya kisigino, nimesukuma gari kwenye mteremko wa avenue yetu mbele ya watu waliokuwa wanatoka misa ya asubuhi, na Maman yumo ndani anaimba wimbo wa Bikira Maria ili tupate nguvu. Iliwaka karibu na barabara kubwa. Nilifika ofisini na tope mpaka magotini, na mkuu wangu akaniuliza kama nimeanza kulima.

Wiki mbili kabla ya hapo haikuwaka kabisa. Maman akakosa zamu yake, na kidonda kikatoa maji siku nne. Hapo sikucheka.

Nimemuuliza Mardochée. Unamjua, tangu dada yetu Fanny amuache mjane miaka mitatu iliyopita, anatoa maneno kama mtu anayeyanunua sokoni. Alisema tu: “Shemeki, kuko kitu inakulaka courant.” Nikamuuliza kitu gani hicho kinachokula umeme, akainua mabega.

Wewe ndiye uliyeinunua gari, na kabla ya kurudi msituni ulikaa siku mbili nzima chini yake ukituambia unaikagua. Basi uniambie kinachoila.

Dada yako,
Georgette


Shabunda, kambini, tarehe 19 Machi 2024

Yaya Georgette, dada yangu mkubwa,

Ninakusalimu kwa heshima, wewe na Maman na Merveille. Sweta limefika, ila panya wa huku amekula mkono mmoja, kwa hiyo ninalivaa upande. Afya yangu ni nzuri, malaria imenishika mara moja tu. Maji ya mto yamejaa na machimbo yamesimama, tunakaa tunacheza karata. Ili kupata mtandao wa simu ni lazima nitembee siku mbili, kwa hiyo uwe na subira na karatasi hizi.

Yaya, gari si mtu, haiwezi kukuchukia. Fuata ninayokuandikia hatua kwa hatua. Kwanza, tazama vichwa viwili vya betri. Ukiona unga mweupe au wa kijani, fungua waya, mwagia maji moto, sugua kwa brashi ya zamani ya meno, kausha, rudisha na kaza sana. Waya uliolegea unaweza kukusukumisha gari mpaka Rwanda. Pili, gari ikiwa inawaka, tazama kama ile taa nyekundu yenye picha ya betri inabaki mbele ya dereva. Ikibaki, dinamo haichaji, au mkanda wake umelegea. Tatu, hakikisha taa ya ndani na ile ya buti ya nyuma zinazimika mlango ukifungwa. Nne, ukimaliza hayo yote na bado betri inakufa, toa waya wa hasi, ule mweusi, uuache siku kadhaa bila kuuunganisha. Ukiurudisha na gari ikawaka vizuri, ujue betri ni nzima, na kuna mlaji.

Chini ya dashibodi usiguse wala usimruhusu fundi yeyote aguse. Nyaya za pale ni za hatari, mnaweza kuunguza gari.

Na tafadhali niambie, ufunguo unalala kwa nani?

Mdogo wako,
Lucien


Bukavu, tarehe 14 Aprili 2024

Lucien,

Barua yako niliikuta mezani Alhamisi tarehe 4 niliporudi kazini. Maman ndiye anayepanga mambo haya ya barua na Françoise, yule anayepokea mizigo ya ndege ndogo kule Kavumu. Mimi ninampa bahasha tu, na bahasha zinakwenda na kurudi. Maman mzima. Anasema huyo panya apewe mkono wa pili.

Nimefanya yote uliyoagiza. Vichwa vya betri nimevisugua mwenyewe, na brashi ya meno ilikuwa ya Merveille, ambaye hajanisamehe mpaka leo. Taa nyekundu haibaki. Nikaingia ndani ya buti ili nione kama taa inazimika, Yolande akanifungia humo, kisha akaenda kutazama sufuria yake bila kuniambia. Inazimika, nimeithibitisha kwa muda mrefu.

Nikaenda Nyawera kwa mafundi. Wa kwanza alisema ni dinamo. Wa pili akaipima dinamo, akasema ni nzima na wa kwanza ni mwongo. Wa tatu alisema ni betri, na kumbe huyo ndiye anayeuza betri. Nikanunua mpya. Mpya, Lucien, ikiwa bado na karatasi yake. Siku tatu baadaye tik. Niliirudisha kwake, akaniambia mbele ya wachukuzi wote wa soko kwamba wanawake hawajui kulaza gari. Nilimjibu. Sitaandika nilichomjibu, maana Maman anaweza kuisoma barua hii.

Kisha nikafanya hatua yako ya nne. Nimetoa waya mweusi siku nne, siku zile Mardochée alipokwenda Kabare kwa mazishi ya mjomba wake. Aliporudi nikaurudisha, gari ikawaka kama mpya. Kwa hiyo mlaji yuko. Sasa niambie hatua ya tano.

Umeuliza ufunguo unalala kwa nani. Kwa Mardochée, kwa nani mwingine? Ndiye dereva. Swali lako halikunipendeza, nami sikulielewa.

Georgette


Shabunda, tarehe 27 Aprili 2024

Yaya mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa Maman. Mvua zimepungua na kazi imeanza tena.

Hatua ya tano sitakuandikia, kwa sababu haihitajiki. Soma vizuri maneno yako mwenyewe. Siku nne Mardochée hayupo, betri nzima. Mardochée yupo, betri inakufa. Kikulacho ki nguoni mwako.

Ulikuwa unajua kwamba akikwisha kumshusha Maman hospitalini Katana, yeye anarudi na gari mpaka Kavumu, na anasimama pale saa mbili nzima? Tarehe 7 Machi alifanya hivyo, tarehe 21 akafanya, na Aprili pia. Anafanya nini saa mbili Kavumu? Ninakuambia mimi: anawachajia watu simu kwa betri yangu, anawapigia walevi muziki. Hata ile mpya huenda amekwisha kuibadilisha na mzoga wa mtu mwingine.

Mnamwonea huruma kwa sababu ya Fanny. Mimi simwonei. Dada yetu alipofariki nimepata habari wiki tatu baada ya mazishi, kwa sababu barua ya mume wake ililala kwenye gunia hapo hapo Kavumu na yeye hakuwa na haraka ya kujua imefika au haikufika. Wakati ninyi mmetoa matanga, mimi nilikuwa ninacheka na watu mtoni. Mtu aliyeshindwa kunifikishia kifo cha dada yangu, ninamwachiaje gari?

Chukua ufunguo. Wewe ndiye mkubwa, lakini gari ni yangu.

Lucien


Bukavu, tarehe 6 Mei 2024

Lucien,

Hapa wazima, isipokuwa Maman hataki kuongea nami tangu jana.

Nimefanya ulivyosema. Nimeongea na Mardochée jana Jumapili na ufunguo sasa ninao mimi, ndani ya mkoba wangu wa kazi. Alisema: “Shemeki, ufunguo ni hii.” Akachukua kofia yake na akatoka.

Usiniulize niliongea naye namna gani wala wapi. Imekwisha.

Bahasha hii ninampa mwenzangu wa ofisi anayepita Kavumu, aitupe kwenye gunia, kwa sababu Maman amemtuma Merveille aniambie kwamba mwenye miguu ajipelekee.

Georgette


Shabunda, tarehe 30 Juni 2024

Yaya,

Je, mko hai? Ninawasalimu kwanza, kisha ninauliza kwa hasira. Tangu ile barua yenu ya Aprili hapajafika hata mstari. Kila ndege ikitua ninamtuma mtu, anarudi mikono mitupu. Mguu wa Maman ukoje? Amekosa tena Katana? Mwanzo wa mwaka barua ilikuwa inachukua wiki mbili, sasa miezi miwili ni kimya, kama ulivyokuwa ule mwezi wa Fanny, na sitaki kuupitia tena mwezi ule. Siwezi kulala vizuri nikiwa sijui.

Kama mmeninunia, ninuneni kwa maandishi.

Betri inasemaje sasa? Ufunguo uliuchukua?

Lucien


Bukavu, tarehe 21 Julai 2024

Lucien,

Maman anakusalimu. Mimi leo sikusalimu.

Barua yako ya Juni nimeitoa mwenyewe kwenye gunia kule Kavumu, chini ya viatu vya mtu na debe la mafuta ya mawese. Yangu ya Mei nimeikuta humo humo, haijaondoka. Ninazituma zote mbili pamoja. Anza na ile ya zamani, ujue nilivyokuwa mjinga, kisha uisome hii ukiwa umekaa.

Baada ya Mardochée kuondoka, gari imekaa uani siku kumi na mbili, Maman akaenda Katana kwa basi. Hakuna aliyeifungua mlango. Ufunguo ulikuwa kwenye mkoba wangu, na mkoba ulikuwa kwenye bega langu. Siku ya kumi na tatu nikazungusha: tik.

Nimekaa pale kwenye kiti cha dereva. Yolande akanikuta. Nikamwonyesha barua zako zote, na yeye akazisoma kama anavyosahihisha kazi za wanafunzi, kalamu mkononi. Akasema: “Maman Merveille, kaka yako iko fundi muzuri. Lakini juu ya nini hatua ya tano hakuandika? Na ya Kavumu, aliijua namna gani, na yeye iko Shabunda?” Lucien, nina miaka hamsini na mbili, nimesoma barua hiyo mara tano, na swali hilo sikuwa nimejiuliza. Hasira ilikuwa imenifunga macho, na wewe ndiye uliyeniwashia hiyo hasira.

Tukaifanya hatua ya tano sisi wenyewe. Tuliijaza betri kwanza kwa fundi. Kisha Yolande akatoa waya mweusi, akaweka ampuli ndogo, balbu ya taa, kati ya waya huo na kichwa cha betri. Gari imezimwa, milango imefungwa, hakuna kinachofanya kazi. Ampuli ikawaka. Mwanga wake ulikuwa hafifu, lakini uliwaka. Akasema kama gari imelala kweli, ampuli nayo ingelala, basi kuna kitu kinakunywa. Tukatoa fyuzi moja baada ya nyingine, mimi nikiziandika kwenye karatasi ya chuo. Ya redio, inawaka. Ya taa, inawaka. Ya honi, inawaka. Tulizimaliza zote na ampuli bado inatutazama. Yolande akasema mlaji huyu hakupita mlangoni, amepita dirishani.

Tukafuata nyaya kwa vidole. Kwenye kichwa chekundu cha betri kulikuwa na waya mmoja mwembamba usio wa gari, umezungushiwa utepe mweusi kwa makini, ukaingia kwenye tundu na kutokea chini ya dashibodi. Pale pale uliponikataza kugusa. Nyuma ya kisanduku cha kuwekea karatasi za gari tumekuta kidude chenye ukubwa wa kipande cha sabuni, taa ya kijani inakonyeza. Yolande akauvuta waya na ampuli ikazimika.

Mgongoni kilikuwa na kibandiko chenye namba ya simu, na namba hiyo nikaitambua. Nilikwenda nacho Nyawera, kwenye duka la simu la rafiki yako Cédric, nikakiweka juu ya meza yake. Yeye akadhani umeniambia. Akasema: “Nilimwambia Lucien, hii kitu haipendi fasi yenye réseau mubaya. Kwenu kule chini ya kilima inatafutaka réseau muchana kutwa, ndiyo inamaliza batterie. Akasema haizuru, bora ajue shemeki anaendaka wapi.” Kumbe kidude hicho hutafuta mtandao wa simu na kueleza gari iko wapi. Na akanionyesha kwenye simu yake safari zote za Maman, mistari myekundu, ambazo alikuwa anazinakili na kukutumia kwa ndege.

Kwa hiyo mlaji ni wewe. Umemwekea mume wa dada yako mpelelezi ndani ya gari. Mpelelezi akaiua betri, betri ikamkosesha mama yako zamu ya kidonda, nawe ulijua tangu barua ya kwanza, ukanifanya nisugue vichwa vya betri kwa brashi ya mtoto. Uliniandikia kikulacho ki nguoni mwako. Nguo ni ya nani, Lucien?

Sijamaliza. Nilipanda mpaka Kavumu kutafuta barua zilikopotelea. Françoise yuko pale na meza yake na daftari lake. Alinitazama, akaniuliza kama Papa Mardochée ni mgonjwa. Nikauliza anamjuaje. Akaonyesha ubao chini ya dirisha. Alisema Mardochée alikuwa anakuja kila Alhamisi ya pili, anakaa kwenye ubao ule mpaka ndege itue, anapokea barua yako mkononi, kisha anangoja aone kwa macho yake bahasha yetu inaingizwa ndani, na haondoki kabla ya ndege kuruka. Miaka mitatu. Kabla ya gari alikuwa anakuja kwa moto, pikipiki ya kukodi. Hata bahasha za yule wa duka la simu zikibaki mezani, yeye ndiye aliyekuwa anasimama na kusema zipande. Aliwahi kumweleza Françoise sababu, na Françoise akanirudishia maneno yake hivi: “Barua ya Fanny ilikawiaka juu nililia nikasahau kuifuata. Ingine haitakawia tena.”

Hizo ndizo saa mbili za Kavumu. Alikuwa anakungojea wewe. Nami nilikuwa nikiikuta barua mezani na sijawahi kumuuliza Maman imefikaje.

Sasa na mimi niseme nililokuficha Mei. Sikuongea naye nyumbani. Niliongea naye uani kwa kanisa, misa imekwisha, watu wamejaa, wanakwaya bado na mavazi. Nilimwambia afungue gari tuone betri ni ipi, nikamuuliza kwa sauti anauza courant ya mama mgonjwa kwa bei gani. Akaninyooshea ufunguo. Maman alikuwa ndani ya gari na amesikia yote. Ndiyo maana hakuongea nami mwezi mzima, na aliponifungulia mdomo alisema: “Fanny nilimuzika mara moja. Wewe umemuzika mara ya pili.”

Mchuzi mliupika wewe na Cédric, na mimi ndiye niliyeumwaga. Aibu yangu ninaibeba. Ya kwako njoo uibebe.

Georgette


Shabunda, tarehe 4 Agosti 2024

Yaya Georgette,

Ninamsalimu Maman. Nawe ninakusalimu, hata kama hutaki.

Barua zako nimezisoma nikiwa nimekaa, kama ulivyosema. Nimekaa mpaka wenzangu wakaja kuuliza nani amekufa.

Nilianza kuandika kwamba kila mwenye gari siku hizi anaweka kidude kama kile. Nimeichana. Ukweli ni kwamba nilimchukia. Kifo cha Fanny kilinikuta peke yangu, kimechelewa, sikuwa na kaburi la kusimamia wala mtu wa kumshika, na nilihitaji pawepo mkosaji. Yeye alikuwa karibu na hakujitetea. Cédric aliponiambia kidude kinakula betri nilifikiri betri ni kitu cha kununua tu. Mguu wa Maman sikuufikiri. Uliponiuliza hatua ya tano niliogopa, nikaona ni rahisi zaidi kumtupa mtu kuliko kukuambia utoe waya mmoja.

Sikujua nani alikuwa kwenye ubao ule. Barua zilikuwa zinanifikia na nilidhani ni bahati.

Ndani nimeweka karatasi nyingine, iliyokunjwa, ni ya Mardochée. Nimemwomba msamaha na nimemwandikia kwamba gari ni yake. Mpelekee, Yaya, na unisemee.

Lucien


Bukavu, tarehe 25 Agosti 2024

Lucien mdogo wangu,

Leo ninakusalimu. Maman amelala vizuri, mguu umefunga, umebaki tundu la ukubwa wa kucha. Merveille ameenda kwa shangazi zake. Yolande anataka kujenga ukuta wake tena, nami ninamkataza.

Barua yako imefika Alhamisi tarehe 8. Unajua imeletwa na nani. Alisikia kutoka kwa Françoise kwamba hakuna anayezifuata, akaenda, akakaa kwenye ubao, akaipokea. Alisimama mlangoni kwetu, kofia mkononi, hakuingia. Hakunipa mimi, alimpa Maman. Nilipoifungua nikakuta karatasi yako iliyokunjwa na jina lake juu. Alikuwa ameubeba msamaha wake mwenyewe kutoka Kavumu bila kujua.

Nilipiga magoti, Lucien, pale kizingitini, na nikasema yangu yote kwa sauti ile ile niliyotumia kanisani, ili majirani wasikie. Jumapili iliyofuata nimeyarudia uani kwa kanisa. Aliniinua. Kisha nikampa karatasi yako. Aliishika, hakuikunjua, akairudisha mkononi mwangu, akasema: “Shemeki, haya maneno iko na mwenyewe. Akuje.” Ana haki. Nani kwetu amewahi kumwomba shemeji msamaha kwa karatasi? Hata babu zetu ambao hawakuwa na gari walitembea na kasiksi yao, pombe ya ndizi, begani, wakanywa na mtu waliyemkosea kutoka kibuyu kimoja, wakitazamana. Nimeitunza karatasi yako ndani ya Biblia ya Maman, utaipokea hapo.

Sasa usikie habari ya gari. Tangu kidude kitoke betri haijafa hata siku moja. Ninaiwasha kila asubuhi kabla ya kwenda kazini na inaitika mara ya kwanza. Alhamisi saa kumi na mbili na nusu Mardochée anafika, anamshika Maman mkono, anabeba kikapu chake, na wanashuka kwa miguu kutafuta basi ya Katana. Wakimaliza huko wanapita Kavumu, anamkalisha Maman kwenye ubao pembeni yake, wanangoja ndege yako pamoja. Wakati wa kutoka anapita ubavuni mwa gari na haiangalii. Nimemsihi. Maman amemsihi. Anasema hajakasirika.

Ufunguo nimeutundika kwenye msumari karibu na picha ya Fanny. Panda ndege, ukishuka Kavumu utawakuta wawili hao wamekaa. Usimsalimie kwa mbali, na usianze na maneno. Njoo naye mpaka hapa nyumbani, utoe ufunguo huo msumarini wewe mwenyewe, umpe kwa mikono miwili.

Dada yako,
Georgette